Mjukuu wa Bwana Spana

Daudi Ndahani alistaafu serikalini akiwa Mgogo, na kabla mwaka haujageuka alikuwa Mwairishi. Hakuhama popote. Aliendelea kukaa palepale Kikuyu, mjini Dodoma, kwenye nyumba yake yenye mzabibu mmoja uani ambao haujawahi kuzaa, na aliendelea kula ugali wake kwa mlenda. Kilichobadilika ni babu tu.

Jambo lenyewe lilianza kwa kukosa shughuli. Mtu aliyezoea kuletewa mafaili asubuhi na chai saa nne si wa kuachwa peke yake na simu yenye bando. Mwanzoni alisoma habari za tezi dume, akajiona anaumwa. Halafu akasoma habari za madini, akaanza kuitazama bustani yake kwa jicho la mashaka. Mwisho akasoma kwamba mtu ambaye babu yake alizaliwa Ayalandi anaweza kupewa pasipoti ya huko. Hapo aliiweka simu mezani taratibu, akavua miwani, akamwita binti yake.

"Priska, hebu njoo. Unajua kwamba sisi tuna babu Mwairishi?"

Priska alikuwa jikoni akichambua mchele. Alikuwa amesomea uuguzi, ajira ya kueleweka haijaonekana, anajitolea kwenye zahanati moja huku akitafuta chuo cha nje kwa udi na uvumba. Viza alishanyimwa mara mbili, na mara ya pili alilia mpaka macho yakavimba. Kwa hiyo alikuja akiwa bado ameshika ungo.

"Babu yupi, baba?"

"Bwana Spana."

Priska akacheka, akarudi jikoni. Alidhani baba yake anatania. Na utani ulikuwepo kweli, ila aliyetania hakuwa baba yake, na alitania zamani, siku ya kumzika mzee Matonya.

Mzee Matonya alikuwa mfugaji wa Mvumi, baba mzazi wa Dorkasi, na Dorkasi ndiye mama yake Daudi. Katika ujana wake Matonya alikwenda Kongwa kufyeka pori, wakati ule Waingereza walipopata wazo la kulima karanga kwa matrekta mahali ambapo hata mtama huota kwa kubembelezwa. Mradi ule ulikula vyuma vingi kuliko karanga ulizotoa. Na penye vyuma vinavyovunjika hapakosekani fundi: alikuwepo mzungu mmoja mwekundu kama nyanya, Patriki Kinsela, ambaye hakuwa Mwingereza na ukimwita Mwingereza alikununia siku nzima. Watu walimwita Bwana Spana kwa sababu spana haikumtoka mkononi hata akila. Kazi ya Matonya ilikuwa kumshikia taa chini ya matrekta. Mradi ulipokufa, Bwana Spana alikwenda zake, na Matonya akarudi Mvumi na hadithi zilizomtosha mpaka uzeeni. Mkewe akamzalia Dorkasi, mtoto wa maji ya kunde, mweupe kama shangazi zake wawili wa upande wa baba, na hakuna aliyeshangaa.

Basi mzee alipofariki, Bi Stara alitoka mjini kuja kuzika. Bi Stara ni Mwislamu wa Kikuyu, na watu wake ni wajukuu wa wapagazi wa Kinyamwezi waliopita Ugogo na misafara ya pembe, wakatozwa hongo, ule ushuru wa njia, kwa kila tone la maji waliyokunywa. Ndipo ulipozaliwa utani kati yao na Wagogo, na mtani akifika msibani huwa amekuja kudai chenji ya hongo ile. Siku hiyo Bi Stara alivaa koti la marehemu, akashika spana ya baiskeli, akashuka kaburini na kulala chali.

"Mnazika nani hapa?" aliuliza kutoka chini. "Mnasema mnamzika baba wa Dorkasi? Baba wa Dorkasi ni Bwana Spana. Huyu Matonya wenu alikuwa anamshikia taa tu."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Dorkasi mwenyewe, na kilio chote alichokuwa nacho, alicheka. Ndiyo kazi ya mtani: aseme lisilosemeka, wafiwa wapumue, kisha apewe kuku wake aondoke. Daudi alikuwa kijana wa chuo wakati huo, naye alicheka. Lakini utani ule ulibaki kichwani mwake miaka yote, ukajikalia kimya kama mbegu kwenye vumbi la kiangazi, na siku aliposoma habari za pasipoti ukachipuka ukiwa historia.

Daudi hakuwa mtu wa kufanya jambo bila kamati. Aliitisha ndugu, akajichagua mwenyekiti, akamteua mdogo wake Petro kuwa katibu, na kundi la simu likafunguliwa kwa jina la Uzao wa Kinsela. Wiki ya kwanza waliingia ndugu. Wiki ya pili waliingia majirani wa ndugu. Kila mtu akaanza kujichunguza. Petro, fundi pikipiki wa Chamwino, alitangaza kwamba sasa ameelewa kwa nini spana hukaa vizuri mkononi mwake, ingawa wateja wake walikuwa na maoni tofauti. Binamu mmoja aligundua kwamba kupenda kwake bia si tabia mbaya bali ni damu. Mwingine alituma picha ya ndama mwenye uso mweupe, bila maelezo. Daudi mwenyewe alisimama kila asubuhi mbele ya kioo, akigeuza mkono wake mweusi tii upande wa ndani, akitafuta mahali penye wekundu.

Palikuwa na tatizo moja la kitaalamu. Kwa kadi yake ya kliniki, Dorkasi alizaliwa muda mrefu baada ya Bwana Spana kuondoka. Kamati ilikaa Jumamosi kulijadili suala hilo. Mama mwenyewe siku zote alisema kwamba alizaliwa mwaka wa njaa, na Ugogo haijawahi kukosa njaa za kuchagua. Wakachagua njaa inayofaa, na hadi chakula cha mchana bibi wa watu alikuwa ameongezewa miaka mitatu bila kushauriwa.

Daudi akaingia kwenye mtandao ambamo watu hutafuta ndugu waliopotea, akaandika kwa Kiingereza cha barua za serikali kwamba uzao wa marehemu Patriki Kinsela upo, una afya, na unasubiri maelekezo. Alijibiwa upesi kuliko alivyowahi kujibiwa na ofisi yoyote. Aliyejibu aliitwa Norini, mwalimu mstaafu, na bibi yake alikuwa dada wa Patriki. Alieleza kwamba kijana yule aliondoka kijijini kwao na sanduku moja kwenda kutafuta kazi Afrika, akasikika Kongwa, kisha hakusikika tena. Nyumbani kwao, kizazi baada ya kizazi, walimtaja kwenye sala za jioni pamoja na wagonjwa na wasafiri. Norini hakuwa na mume wala mtoto. Kama kweli damu ya Patriki ipo, alisema, angependa kuiona kabla hajafa. Na kama kuna kijana wao anayetaka kusoma, nyumba yake ina vyumba vitupu na chuo hakiko mbali.

Daudi alimsomea Priska maneno hayo mara mbili. Safari hii Priska hakucheka.

"Ni kweli lakini, baba? Huyu Patriki ni wetu kweli?"

"Kwa mujibu wa taarifa zilizopo," alisema Daudi, "hakuna taarifa inayokanusha."

Norini akaandika tena kwamba anakuja mwezi wa saba, na kwamba atakuja na kichupa cha kupimia vinasaba. Hakuhitaji damu, mate tu yalitosha. Na mate bora, alieleza, ni ya yule aliye karibu zaidi na Patriki, yaani binti yake.

Kwa hiyo Daudi akapanda gari hadi Mvumi kumweleza mama yake kwamba yeye ni binti wa Patriki. Alimkuta Dorkasi ameketi kivulini mwa ukuta wa nyumba yake, miguu ameinyoosha, anabangua karanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hilo shati umepewa na chama gani?"

Lilikuwa la kijani kibichi, rangi ya Ayalandi. Daudi aliketi kwenye kigoda, akakohoa kama anayefungua kikao.

"Mama, tuna mgeni anakuja. Ndugu yetu, anatoka mbali."

"Upande gani?"

"Upande wa baba yako."

"Wa baba yangu nawajua wote, mpaka waliokufa."

"Upande wa Bwana Spana."

Dorkasi akacheka, akatupa ganda. Halafu akamtazama mwanawe, akaona hacheki, na mikono yake ikasimama.

"Daudi. Ule ulikuwa utani wa Stara."

"Watani huwa wanajua mambo, mama. Sasa kuna vipimo, si maneno ya watu tena. Anachotaka ni mate kidogo tu. Na Priska atapata pa kwenda."

Jina la Priska lilimgusa Dorkasi, Daudi aliliona hilo waziwazi, maana mjukuu huyo ndiye aliyekuwa akimsugua magoti kwa mafuta kila likizo. Mama alibangua karanga moja. Kisha akauliza kwa sauti ndogo:

"Na baba yangu? Yeye mnampeleka wapi?"

Daudi alikuwa amejiandaa kwa swali hilo. "Hatumwondoi, mama. Kamati imempa nafasi yake. Mzee Matonya ataingia kama baba mlezi."

"Mlezi," alisema Dorkasi.

Alizikusanya karanga zake ndani ya kanga, akaingia nazo ndani, akafunga mlango. Daudi alisubiri kidogo, kisha akaondoka ameridhika. Ofisini kwake, mtu ambaye hakuleta pingamizi kwa maandishi alihesabiwa kuwa amekubali.

Siku ya mgeni kulitandazwa turubai uani kwa Dorkasi na kupangwa viti vya plastiki mpaka barabarani. Akina mama wa muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, walizifunga ngoma zao kati ya miguu, wamevaa vitenge vya kijani vilivyoshonwa haraka hivi kwamba vingine vilikuwa na mkono mmoja mrefu. Petro alishika kipaza sauti kilichokuwa kikipiga kelele hata akinyamaza. Mchungaji alikuja kufungua kwa sala, akabaki kwa ajili ya pilau. Walikuwepo watu ambao Daudi hajawahi kuwaona maishani mwake, nao walimkumbatia wakimwita binamu.

Nyuma ya nyumba, upande wa mashariki, lilikuwepo kaburi la mzee Matonya, na juu yake msalaba wa saruji wenye jina lake na maneno Baba wa Dorkasi. Petro aliona maandishi hayo yangemchanganya mgeni. Daudi alikubaliana naye. Wakaufunika msalaba kwa kanga ya kijani, na kando yake wakapanga kreti za soda. Dorkasi alipotoka ndani, amevaa gauni lake la kanisani, aliitazama ile kanga kwa muda mrefu. Halafu akaenda kuketi alipoonyeshwa, kwenye kiti kilichofungwa riboni.

Norini alikuwa mwanamke mfupi mwenye kofia pana na viatu vya kupandia milima. Dakika chache tu juani, uso wake ukawa rangi ileile ambayo wazee walimsimulia nayo Bwana Spana, na umati ukanong'ona kwa kuridhika. Alimwinamia Dorkasi, akamshika mikono yote miwili, akasema "Shikamoo" aliyojifunza kwenye ndege. Dorkasi alimwitikia vizuri. Alimwonea huruma, mtu ametoka kote huko kutafuta wake, akaangukia mikononi mwa kamati. Priska akasimama kati yao kutafsiri, kichupa cha mate amekishika yeye, maana ndiye muuguzi.

Daudi alisoma hotuba yenye utangulizi, historia, mafanikio na changamoto. Alipofika kwenye ushahidi, alimwita Bi Stara, ambaye Daudi alikuwa amemfuata kwa gari hadi nyumbani kwake Kikuyu ili asiwe na kisingizio. Bi Stara sasa alikuwa kikongwe, mgongo umepinda, lakini ulimi haukuwa umepinda hata kidogo.

"Mtani wetu," alisema Daudi, "tunaomba uwaeleze wageni, kwa ufupi na bila mzaha, ile taarifa uliyoitoa siku ya msiba wa mzee."

"Taarifa," alirudia Bi Stara. "Siku ile nilisema mengi. Nilisema Matonya amekufa makusudi ili asinipe mbuzi. Hilo mmeliandika? Nilisema anakoenda ataanza kwa kuwatoza malaika hongo ya maji. Nalo limo?"

Watu wakaanza kucheka. Daudi aliinua mkono. "Lile la Bwana Spana, mtani."

"La Spana nililisema, ndiyo."

Daudi akamgeukia Norini kwa ushindi. Priska akatafsiri. Norini akauliza jambo kwa upole, na Priska akalirudisha kwa Kiswahili: je, Bi Stara alijuaje?

Bi Stara alimtazama yule mzungu. Kisha akaiweka fimbo yake magotini, na sauti yake ikawa nyingine kabisa, hata akina mama wa muheme wakaondoa mikono kwenye ngoma.

"Mwambie hivi, mjukuu wangu, mwambie polepole aelewe. Mimi nilithubutu kusema vile kwa sababu kila aliyekuwepo alijua Matonya ndiye baba wa Dorkasi, na Dorkasi alijua, na maiti ilijua. Ndiyo maana walicheka. Lingekuwa kweli, nisingelisema. Hakuna mtani angelisema. La kweli la namna hiyo huwa tunalipita mbali, tunatania miguu ya marehemu au ubahili wake. Utani wangu ndio cheti cha Matonya. Huyu baba yako msomi amekishika juu chini."

Priska alitafsiri mpaka mwisho. Norini alivua kofia. Alikuwa ameelewa, mtu aliyefundisha watoto maisha yake yote hujua sura ya darasa lililokosea hesabu.

Lakini Daudi alikuwa ameshashona vitenge. Aliona turubai, akaona pilau, akamwona binti yake anapepesa macho, na moyo ukamuuma kweli, si kwa ajili ya pasipoti tena. Mtoto wake angerudi Kikuyu kuchambua mchele.

"Maneno ni maneno," alisema, na kipaza sauti kikapiga mluzi. "Tumekubaliana sayansi ndiyo iamue. Mama, tunaomba mate."

Dorkasi alijiinua kutoka kwenye kiti cha riboni.

"Nilipokuwa mtoto nilipatwa na surua," alisema. "Mama yangu alikuwa na kichanga, hawezi kutoka. Tulikuwa mbali, kwenye malisho. Baba alinifunga mgongoni kwa kaniki ya mama, akanibeba mpaka hospitali hapa Mvumi. Nyinyi mnajua Mgogo mwanamume, tena mwenye ng'ombe, akionekana amebeba mtoto mgongoni. Njiani walimcheka. Wengine walimfuata wakimwimbia. Tulipofika, nesi akamuuliza mama wa mtoto yuko wapi. Akasema, leo mama ni mimi, mwangalie mtoto." Akamgeukia mwanawe. "Mtu huyo umemfunika kanga, Daudi. Umempa kazi ya mlezi."

Daudi alitazama chini. Ilimjia sasa, bila kuitafuta, jinsi babu yake alivyokuwa akiulizwa kuhusu safari ile akiwa mzee, na kila mara alijibu kwamba mtoto alikuwa mwepesi tu. Daudi alikuwa ameisikia mara nyingi mno mpaka akaacha kuisikia.

"Na wewe Priska," Dorkasi aliendelea, na uso wake ukalegea. "Wewe hujaniomba. Ameniomba baba yako na kamati yake. Najua unavyotaka kwenda. Kama ni wewe unayeomba, kilete hicho kichupa, nitatema. Kisipoonyesha damu yao, hayo ni yao. Baba atanisamehe. Alikuwa akinisamehe makubwa zaidi."

Daudi aliushika ukingo wa meza. Alitaka Priska akilete, na papo hapo alitaka asikilete, na hakujua ni lipi analitaka zaidi. Priska alikitazama kile kichupa. Kilikuwa kidogo kama kidole, na kifuniko chake cha buluu. Alimtazama Norini, alimtazama bibi yake aliyekwisha kusogeza uso mbele, midomo imefunguka kidogo, tayari. Halafu akakiweka kichupa kwenye kiganja cha Norini, akakifunga kiganja hicho kwa vidole vyake mwenyewe, akamwambia kwa Kiingereza ambacho Daudi alikisikia vizuri: samahani, umetoka mbali sana.

Akaja kupiga magoti mbele ya bibi yake, akavua kilemba.

"Nitemee mimi, bibi."

Mchungaji aligundua ghafla kwamba kipaza sauti kinahitaji kurekebishwa, akakigeukia. Dorkasi akamshika mjukuu wake kichwani, akamtemea mate ya baraka kwenye paji la uso na kifuani, kama wazee walivyofanya kabla ya misheni na kama wanavyofanya mpaka leo misheni ikigeuza kisogo. "Nenda utakakokwenda," alisema. "Upite mlango wowote. Uwe mwepesi mgongoni kwa watu. Wewe ni wa Matonya."

Akina mama wakapiga vigelegele, kwanza mmoja, kisha wote. Priska alilia, na hakuficha. Norini alikuwa amesimama peke yake na kile kichupa, mtu wa sala za jioni ambaye hakumpata mtu wake, na pengine angesimama hivyo mpaka gari liwashwe kama si Bi Stara kumchomoa kofia mkononi.

"Huyu msimwache hivi," alisema Bi Stara akiivaa. "Ndugu yenu amekosekana, basi namchukua mimi, awe mtani wangu. Mwambieni babu yake alikunywa maji Ugogo hakulipa, nimekuja kuchukua kofia." Akaanza kutembea uani kwa mwendo wa viatu vya kupandia milima, akijipepea, akijifuta uso kwa madaha, na Priska akatafsiri kwa kwikwi, na Norini akacheka mpaka akashika tumbo. Petro alikuwa tayari ameshautoa mkono wake kwenye bega la wale binamu wasiojulikana na kuanza kuwauliza ni binamu wa nani hasa.

Daudi alibaki pale mezani na hotuba yake. Hakuna aliyemtazama, na hilo lilikuwa gumu kuliko kutazamwa. Alipita kati ya viti, akafika mbele ya mama yake, na kwa goti lake bovu la ofisini akainama taratibu, mkono mmoja umeshika kiti, akapiga magoti mahali palepale alipotoka binti yake. Akainamisha upara wake, ule aliokuwa amewaandikia watu wa Ayalandi kwamba ni wa kurithi.

Alisubiri. Hakikuja kitu.

"Mama," alisema bila kuinua kichwa.

"Mate yamenikauka," alisema Dorkasi. "Mmenizungumzisha mno leo. Kaniletee maji kwanza."

Daudi akasimama. Kreti za soda zilikuwa karibu, lakini mama alisema maji, na mtungi wa mama ulikaa nyuma ya nyumba, upande wa mashariki. Alikwenda kwa haraka, karibu akimbie, shati la kijani limemganda mgongoni. Alipolifikia kaburi alisimama. Akazisogeza kreti moja moja, akaifungua ile kanga fundo kwa fundo, akaikunja, na maandishi yakatokea. Alimwamkia babu yake kwa sauti, watu wakisikia, kisha akaenda mtungini kuchota maji.